MAHINDI YETU YALALE WAPI?
Jinsi ya kuchagua ghala la nyuma ya nyumba

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, mafumbo na visa vya sungura na fisi. Sina ugomvi navyo hata kidogo, lakini safari hii nimeomba nafasi niandike juu ya ghala. Sisemi lile ghala kubwa la serikali lenye foleni ya malori mlangoni. La hasha! Nasema kile kijumba kilichoko nyuma ya nyumba, baina ya jikoni na zizi la ng'ombe, ambamo familia huweka mahindi ya mwaka mzima. Wengi wetu tunaokaa madarasani humu karo yetu imelala ndani ya kijumba hicho. Mahindi yakioza mwezi wa pili, kufika muhula wa pili mtu yuko nyumbani anachunga mbuzi huku wenzake wanafanya mtihani.

Nitaanza na maneno, maana hili ni gazeti la Kiswahili na mhariri wetu ni mkali.

Mahali pa kuwekea vitu tuna majina mengi na watu huyachanganya. Stoo ni neno la kila siku, na humo hukaa kila kitu: jembe, baiskeli iliyovunjika, gunia la mbolea, hata kuku anayeatamia mayai. Bohari ni kubwa, la biashara. Ghala, neno lenye asili ya Kiarabu, ni la nafaka hasa. Wapo wasemao "ghala hii" na wapo wasemao "ghala hili". Mimi nimeshika "ghala hili, maghala haya", na anayetaka kubishana anitafute baada ya vipindi. Kihenge ni ghala la duara lililosukwa kwa fito, likakandikwa udongo au likaachwa hivyo hivyo. Uchaga ni dari ya fito juu ya meko, ambapo moshi hukausha mahindi na kufukuza wadudu. Ndugu zetu Wamijikenda huita lutsaga. Wajaluo wana dero, Wakikuyu na Wakamba wana ikumbi. Ukitazama orodha hii utaona kwamba babu zetu hawakuwa na ghala moja la kutosha kila mahali. Pwani penye unyevu waliweka nafaka juu ya moshi, bara penye upepo wakasuka fito zipitishe hewa. Walichagua kulingana na hewa ya kwao. Sisi siku hizi twachagua kulingana na jirani: akijenga la mabati, nasi twajenga la mabati!

Sasa hapo ndipo mambo huharibika. Swali la kwanza si "tujenge kwa nini?" Swali la kwanza ni hili: mahindi yataingia ghalani yakiwa katika hali gani? Ghala huweza kupewa kazi mbili, kukausha na kuhifadhi, na kazi hizo hazipatani. Mahindi mabichi hutaka upepo uyapite mchana na usiku. Mahindi makavu hutaka kufungiwa yasipate unyevu, mdudu wala panya. Ghala lililofungwa vizuri halikaushi, na ghala linalokausha vizuri halikufungwa. Ukitaka kijumba kimoja kifanye yote mawili utapata kisichofanya hata moja.

Kwetu ni Trans Nzoia. Tunapanda Machi au Aprili mvua ikianza, na mahindi yetu ni yale ya kukaa shambani muda mrefu, kwa hivyo tunavuna Oktoba hadi Desemba. Kitabuni wameandika kwamba wakati huo jua ni kali. Shambani mambo ni mengine, kwani mara nyingi mvua ya mwisho wa mwaka hutukuta katikati ya kuvuna. Hindi linaloonekana limekauka juu ya bua laweza bado kuwa na maji asilimia 20 au 25. La kuhifadhiwa halifai kuzidi asilimia 13.5.

Hebu tufanye hesabu kidogo, wale wa hesabu wasituonee. Chukua kilo 100 za punje zenye maji asilimia 25. Humo mna kilo 75 za nafaka yenyewe na kilo 25 za maji. Ukizikausha mpaka asilimia 13.5, zile kilo 75 hazipungui, ila sasa ndizo asilimia 86.5 ya uzani wote. Gawanya 75 kwa 0.865, utapata karibu kilo 87. Kilo 13 za maji zimetoka katika kila kilo 100! Ukiwa na magunia ishirini, hayo ni maji ya kujaza zaidi ya madebe kumi na mawili. Ukifunga mahindi hayo kabla hayajakauka, maji hayo yote yataenda wapi? Wahenga walisema akiba haiozi. Nafikiri wahenga hawakuwahi kuona mahindi ya maji yaliyofungiwa ndani ya bati.

Mtu ataniuliza, nitajuaje nami sina mashine ya kupimia? Mashine nzuri ipo, na afisa wa kilimo wa nyanjani anaweza kuja nayo akipatikana. Asipopatikana, tumia chumvi. Mwalimu wetu wa kilimo alituonyesha darasani, na jinsi ilivyo rahisi nashangaa haifanywi kila boma. Chukua chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili vitatu, kisha tia punje za mahindi mpaka kama theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, halafu iache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15: yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote bila kushika, yako chini ya hapo. Lakini angalia, chini ya 15 si lazima iwe 13.5, kwa hivyo waanike siku moja au mbili zaidi, na uchukue punje za kupima kutoka gunia la chini na la kati, si zile za juu zilizopigwa jua. Wazee wengine huuma punje kwa jino wasikie mlio wake. Sitaki kuwavunjia wazee heshima, ila jino la mtu haliwezi kutofautisha 14 na 17, na tofauti hiyo ndiyo inayoua.

Ndiyo, inaua. Nataka kukaa hapa kidogo.

Mwaka wa 2004, sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake Machakos na Thika, watu walianza kuumwa tumbo, macho yakawa ya manjano, ini likashindwa kufanya kazi. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Si kipindupindu wala malaria. Ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu aina fulani inayoota kwenye mahindi yenye unyevu na joto. Sumu hiyo haionekani, haina ladha, na haiondoki kwa kuchemsha. Unaweza kupika ugali mpaka ukoko uungue na sumu iko pale pale. Kuchagua punje zilizooza na kuzitupa kunasaidia, lakini hakumalizi, kwa sababu punje yaweza kuwa na sura nzuri na bado imeingiliwa.

Watafiti waliokwenda kuuliza nyumba kwa nyumba waligundua jambo linalohusu somo letu moja kwa moja. Nyumba zilizopata wagonjwa zilikuwa na mazoea ya kuhifadhi mahindi yakiwa hayajakauka, na ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Kwa nini ndani? Kwa sababu chakula kilikuwa haba mwaka ule na watu waliogopa wezi. Waliyavuna mapema, wakayaingiza ndani, wakayarundika sakafuni karibu na vitanda, wakafunga mlango. Si uvivu wala ujinga uliowafanyia hivyo. Ni woga wa kupoteza chakula. Walichokilinda ndicho kilichowadhuru.

Nimeeleza hayo kwa sababu woga huo huo ndio uliozua mjadala kwetu nyumbani mwaka ghala letu la zamani lilipoinama upande mmoja kama mzee aliyechoka. Baba alitaka la mabati tupu, chini mpaka juu, mlango wa chuma, kufuli kubwa. Mama alitaka la fito.

"Baba Watoto," mama akasema, "hilo la mabati ni oveni. Utaoka mahindi mabichi."

"Na hilo lako la fito, Mama Watoto, si ni sawa na kuyaweka barabarani? Mtu anapitisha mkono tu!"

Nyanya alikuwa akimenya maharagwe. Akasema bila kuinua macho, "Nyinyi mnabishana juu ya nyumba, na bibi harusi bado ana maji ya kuoga." Tulicheka, lakini ndilo jibu lenyewe. Wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja akizungumza juu ya mwezi wake. Mama alikuwa akizungumza juu ya Novemba na baba juu ya Machi.

Basi tuangalie la Novemba, yaani la kukaushia.

GHALA LA FITO

Hili ni refu na jembamba, limeinuliwa kwa miguu, kuta zake ni fito, mabanzi au wavu, na paa lake limetokeza nje ili mvua ya upepo isipige mahindi. Huingia mahindi ya magunzi yaliyoambuliwa maganda. Usiache maganda, kwa kuwa yanashika maji na kuficha wadudu.

Jambo kubwa kuliko yote ni upana. Fundi wengi wanapenda kujenga mraba kwa vile mraba huokoa mbao. Mraba ni adui! Upepo hupenya kiasi fulani tu katika lundo la magunzi, na yale ya katikati yakikosa hewa yatapata joto na kuvu huku ya pembeni yakikauka vizuri na kukudanganya. Mahali pa mvua kama kwetu upana usizidi mita moja; ukivuna mabichi sana teremka hadi sentimita 60. Kwenye ukame unaweza kufika mita moja na nusu. Ukihitaji nafasi zaidi ongeza urefu, usiguse upana. Na ule upande mrefu ndio uelekee upepo, ili upepo uingie huku utokee kule. Watu wengi hulielekeza ghala barabarani lionekane vizuri na wapita njia. Wapita njia hawakaushi mahindi.

Ukubwa wake? Punje zilizopukuchuliwa, mita moja ya ujazo hubeba karibu magunia manane ya kilo 90. Zikiwa bado kwenye magunzi zinataka nafasi karibu mara mbili, kwa hivyo hesabu magunia manne tu. Familia ya magunia ishirini inahitaji mita tano za ujazo. Ukifanya upana wa mita moja na kimo cha mita moja na nusu, urefu utakuwa mita tatu na theluthi, kwa hivyo mwambie fundi mita nne ili kubaki na nafasi. Ukitaka upana wa sentimita 60, urefu unafika karibu mita tano na nusu. Na ili ujue magunia ya chakula ni mangapi, hesabu ya siku nyingi hapa Kenya ni karibu gunia moja kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwetu tuko wanane. Manane ni ya kula, kumi na mawili ndiyo karo, mbolea na shida za dunia.

Miguu ya ghala iwe na kimo cha karibu mita moja, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Panya akipanda anakutana na bati linaloteleza, anarudi chini akilaani. Lakini bati hilo halina maana yoyote ikiwa tawi la mparachichi limegusa paa, au ngazi imeachwa imeegemea mlangoni usiku. Nimeliona ghala moja lenye faneli sita nzuri za jua kali na kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka ukutani mwa nyumba mpaka kwenye nguzo ya ghala. Panya walikuwa wakipita juu ya kamba kama watu wanaovuka daraja. Acha mita moja wazi pande zote, fyeka nyasi, na ufuge paka. Ila paka asilishwe kupita kiasi.

Magunzi yakae humo mpaka yakauke, kwetu huwa miezi miwili au mitatu kulingana na mvua. Usiyaache mwaka mzima. Hapo zamani watu waliyaacha, lakini hapo zamani Osama hakuwako.

OSAMA

Vijana wa mjini wasiruke. Osama ni jina ambalo wakulima wa Kenya wamempa dumuzi mkubwa wa nafaka, mdudu mdogo mweusi anayelingana na punje ya mchele iliyokatwa, lakini ana meno ya msumeno. Tanzania wengine walimwita Scania, nadhani kwa jinsi anavyobeba shehena. Kwao asili ni Meksiko na Amerika ya Kati. Aliingia Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka wa 1983 akaonekana kwetu Taveta. Fukusi wa kawaida hutoboa punje. Huyu huisaga ikawa unga. Huko Tanzania alipatikana amekula karibu theluthi moja ya mahindi ya magunzi katika miezi michache tu ya kuwekwa.

Mambo mawili juu yake yanabadilisha uchaguzi wa ghala. Kwanza, anapenda magunzi kuliko punje zilizolegea, kwa sababu kwenye gunzi punje imeshikwa imara na yeye anapata pa kusukumia. Kwa hivyo kupukuchua mapema, mahindi yakishakauka, ni kumnyang'anya kiti. Pili, anakula mbao pia na kuishi ndani yake. Ukibomoa ghala lililoshambuliwa halafu ukatumia mbao zile zile kujengea jipya ili kuokoa pesa, umemhamisha tu pamoja na familia yake. Mbao zenye matundu ya unga zitumie kupikia.

Dawa ya unga ya kuchanganya na punje ipo madukani, na ukiitumia fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti bila kuongeza wala kupunguza. Angalia pia tarehe, kwa maana dawa iliyokaa rafuni miaka miwili ni kama chaki. Na dawa ya wadudu haiui kuvu. Hilo watu husahau kabisa: wanatia dawa kwenye mahindi ya maji, wanalala usingizi.

LA MACHI: KUHIFADHI

Sasa mahindi yamekauka, yamepukuchuliwa, yamepepetwa, yameanikwa juu ya turubai (si juu ya udongo mtupu, kwani kuvu inaishi udongoni), na chumvi imeanguka chini ya chupa. Hapa ndipo baba anaposhinda. Kijumba cha mabati chenye kufuli kinafaa sasa, kwa masharti machache. Mabati hupata joto mchana na kupoa usiku, na hewa ya ndani ikigusa bati baridi hutoa jasho kama kifuniko cha sufuria. Jasho hilo hudondoka juu ya magunia. Kwa hivyo acha nafasi ya hewa chini ya paa na uizibe kwa wavu mdogo, ama uweke dari ya mbao. Magunia yasikae sakafuni wala yasiguse ukuta; yapange juu ya vichanja vya mbao, na acha njia ya mtu kupita pande zote. Ukiweza kupita unaweza kuona. Lundo lililosukumwa mpaka kona hukaguliwa siku limekwisha kuharibika.

Zaidi ya magunia ya kawaida kuna mifuko isiyopitisha hewa. Ile inayojulikana zaidi ina tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la kawaida nje. Kila mfuko hufungwa peke yake, shingo ikasokotwa na kukunjwa. Mdudu aliyefungiwa ndani huvuta hewa mpaka oksijeni inakwisha, naye anakwisha. Hakuna dawa inayotiwa. Ila mfuko huo unataka mahindi makavu kweli kweli, na hautaki kufunguliwa kila siku kuchota gorogoro moja. Kila ukifungua unampa mdudu pumzi. Ndiyo sababu napendekeza mifuko hiyo iwe ya mahindi yatakayofunguliwa Mei au Juni, na ya kula sasa yakae kwenye gunia jingine. Mfuko ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini hutumika tena msimu unaofuata ikiwa haukutoboka.

Mafundi wa jua kali hutengeneza pia matangi ya bati ya nafaka, ya duara, yenye mdomo juu na tundu la kutolea chini. Panya haingii, mwizi hapati pa kushika. Wengine huwasha mshumaa ndani juu ya mahindi kabla ya kufunga, ule oksijeni kisha uzimike wenyewe. Tangi likae kivulini chini ya paa, na mahindi yapoe kabla ya kutiwa. Sifa zake ni nyingi lakini bei yake kwa wengi wetu inakatisha tamaa, isipokuwa majirani wachange.

Kwetu mjadala uliishaje? Tulijenga viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. La fito, urefu wa mita nne, nyuma ya jikoni ambapo upepo hupita na mbwa hulala. Na cha mabati, kidogo kuliko alivyopanga baba, kwa maana mahindi yakishapukuchuliwa nafasi inapungua nusu; magunia ishirini ni mita mbili na nusu za ujazo tu, ongeza njia ya kupita. Hesabu hiyo ndiyo iliyomridhisha mzee, maana mabati yaliyookolewa yalitosha paa la lile la fito. Wezi? Kwenye miezi ya Novemba hadi Januari tunategemea mbwa, wavu uliopigiliwa nje ya fito, na ukweli kwamba magunzi ni mzigo wa kelele na wa nafasi; mtu hawezi kubeba magunia mawili ya magunzi usiku bila kijiji kuamka.

Ni kweli si kila boma litaweza kujenga viwili. Mwenye magunia matano halazimiki kuwa na ghala lolote la kudumu: turubai zuri, siku kumi za jua, chupa ya chumvi na mifuko mitano isiyopitisha hewa juu ya kichanja ndani ya chumba kikavu kisicho cha kulala vinamtosha. Mwenye hamsini na wavunaji wachache, na mvua haikatiki, afikirie kulipa ada mahindi yakaushwe kwa mashine, kwani ghala la fito lenye urefu wa kumtosha litafika kwa jirani. Na aliye ukambani au sehemu nyingine kavu anaweza kuongeza upana na kufupisha muda, ila apukuchue mapema, maana Osama anapenda huko kuliko kwetu.

Limebaki jambo la usafi, ambalo si tamu lakini halina gharama. Wiki mbili kabla ya mavuno mapya toa kila kitu ndani. Punje kuukuu zisichanganywe na mpya hata kama ni gorogoro moja, kwa kuwa mdudu mmoja wa mwaka jana ndiye babu wa mamia ya mwaka huu. Fagia nyufa, choma takataka mbali na ghala, piga chokaa kuta kama ni za udongo, ziba matundu, tazama miguu kama mchwa hajaanza. Mahindi yakishaingia, mpe mtoto mmoja wa nyumbani kazi ya kukagua kila baada ya wiki mbili: ashike gunia lililo katikati asikie kama lina joto, anuse, amwage punje chache juu ya karatasi nyeupe atazame unga na vidudu, kisha aandike tarehe kwa makaa nyuma ya mlango. Kwetu kazi hiyo ni ya dada yangu wa darasa la sita, naye nyuma ya mlango wa ghala ameandika tarehe kumi na nne kufikia sasa, na pembeni ya moja ameandika, "Panya mmoja. Paka alikuwa amelala."